Neno Alilosema Tannie Bettie

Wadogo zangu mnaokutana Yeoville kila Jumamosi kujifunza kazi ya kuhudumia wazee, mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi hiyo, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sasa nina nafasi. Nafasi ninayo, mgongo ndio sina. Nitawaandikia kuanzia mwaka 2015 nilipoanza hadi 2019 nilipoacha. Habari za cheo hamtazipata humu, maana niliingia mhudumu nikatoka mhudumu. Sifa zimo chache, na nyingi ni za watu wengine.

Kwa wasionijua, jina langu ni Nsimire, mzaliwa wa Bukavu. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipofika Johannesburg nilisuka nywele Yeoville miaka mingi, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, nikaenda kusoma kozi fupi ya kuhudumia wazee nikiwa na miaka hamsini na sita. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Wenzangu walinipisha kiti cha mbele wakidhani nimekuja kukagua.

Nyumba niliyoajiriwa iko kilimani, upande wa mashariki wa mji, ukishapita maduka ya Malvern. Ilikuwa na wazee thelathini na wawili, wengi wao wakiongea Kiafrikaans. Hiyo ni lugha iliyozaliwa na Kiholanzi ikalelewa huku, na mimi sikujua hata neno lake moja. Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa cha saluni: kilijua kusema "geuza kichwa" na "inauma?" Maneno hayo yalinifaa kuliko nilivyotegemea.

Siku ya kwanza nilipokewa na Sista Thandeka, nesi mkuu, Mzulu mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Alinipa glavu, mkanda wa kumwinulia mgonjwa, na daftari dogo la mfukoni. Alinionesha jinsi ya kumwinua mtu kwa magoti yako na si kwa kiuno chako, jinsi ya kumwambia utakapomgusa kabla hujamgusa, na kwamba uso huoshwa kwanza, kwa maji yaliyo peke yake. Kisha akasema neno ambalo nataka mlisome mara mbili.

"Mama, mzee akikuambia ana shida, usimuulize kwa nini. Muulize wapi. Akuoneshe kwa mkono wake."

Niliandika hivyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Lakini kuandika siko kushika.

Wazee hawakuweza kulitamka jina langu. Walijaribu siku mbili, siku ya tatu wakalikata wakabakiza Simi, nami nikaitika. Aliyelikata hasa alikuwa bibi wa chumba cha saba, Tannie Bettie. Tannie ndivyo Waafrikaans wanavyomwita mama mtu mzima kwa heshima, kama sisi tunavyomwita shangazi hata asiye dada wa baba. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mwembamba, miguu imevimba vifundoni, na katika ujana wake wote alikuwa akipiga kinanda kanisani. Vidole vyake vilikuwa bado vinapiga juu ya blanketi akisinzia. Alinipenda kwa sababu nilikuwa nikiimba nikitandika vitanda, hata kama hakuelewa naimba nini.

Ni yeye aliyenifundisha Kiafrikaans cha kazini. Kiu, baridi, maumivu, nimeshiba, nataka choo. Nilikuwa naandika kila neno daftarini na maana yake kwa Kiswahili, naye ananisahihisha matamshi kwa kugonga kijiko kwenye kikombe.

Alasiri moja ya msimu wa joto, ambao huku ndio msimu wa mvua, ilinyesha mvua ya mawe yenye radi zinazotikisa vioo. Nilimkimbilia Tannie Bettie nikamkuta amejikunja.

"Ek is benoud, Simi," aliniambia.

Maneno ya mwanzo niliyajua: mimi ni. La mwisho sikulijua. Nikamuuliza kwa Kiingereza, "Unaogopa, Tannie?" Radi ikapiga tena, naye akaitikia kwa kichwa. Nikakaa kitandani pake, nikamshika mkono, nikamwombea kwa Kiswahili nikiamini Mungu hahitaji mkalimani. Mvua ilipokatika alitulia, akaomba chai. Mimi nikatoa daftari nikaandika: benoud, kuogopa. Nikalipigia mstari, kwa mazoea ya ualimu.

Mwaka uliofuata, 2016, katika majira ya baridi, ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Jua la huku wakati ule huangaza bila kupasha moto. Sista Thandeka alikuwa jengo la pili akigawa dawa. Nilipita chumba cha saba nikamkuta Tannie Bettie ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili imeshika godoro, kichwa mbele.

"Ek is benoud, Simi."

Nilitazama nje. Hapakuwa na hata wingu. Nikajisemea, leo haogopi radi, anaogopa kifo. Wazee wengi huingiwa na hofu Jumapili wanapoona wageni wa wenzao. Nikamwambia, "Usiogope, Tannie, nipo." Nikamlaza chali. Nikamfunika mablanketi mawili. Alikuwa anavuta ukosi wa gauni lake la kulalia, nikadhani anasikia baridi, nikamfunga kifungo cha juu. Akanyoosha kidole kwenye dirisha lililokuwa wazi kidogo. Nikaenda nikalifunga.

Kisha nikaketi nikamshika mkono. Nilimsomea zaburi ninayoijua kwa moyo, nikaimaliza, nikairudia. Nikamwimbia wimbo mmoja wa kwetu. Alikuwa ananibana mkono kwa nguvu sana, na sitawaficha, nilijisikia vizuri. Nilidhani ananishukuru.

Wimbo ulipoisha niliona kucha zake zimekuwa rangi ya samawati. Hapo ndipo nilipobonyeza kengele.

Sista Thandeka alikuja mbio. Alimkalisha, akafungua kile kifungo, akafungua dirisha, akaleta mtungi wa oksijeni, akaita gari la wagonjwa, yote hayo kabla mimi sijasogea kutoka ukutani.

"Imeanza lini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Sasa hivi, Sista."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka wenyewe kama chafya.

"Alilalamika nini?"

"Alisema anaogopa."

Huo haukuwa uongo, ndivyo nilivyoamini. Sista aliandika katika ripoti kwamba mgonjwa alikuwa na hofu. Tannie Bettie alifariki kabla gari halijapanda kilima. Daktari alisema moyo ulishindwa na mapafu yakajaa maji, na kwamba kwa umri ule ingeweza kutokea siku yoyote. Maneno hayo ya mwisho niliyashika kama mfa maji anavyoshika tete.

Jioni ile alikuja binti yake wa pekee, Marietjie, mama wa miaka hamsini na kitu, karani wa shule anayeishi Edenvale. Alilia kwanza, kisha akauliza nani alikuwa na mama yake. Sista akanionesha mimi. Tuliongea Kiingereza, kwa kuwa Kiafrikaans changu hakikutosha kwa mambo mazito.

"Alisema neno lolote?"

"Alisema anaogopa," nilimjibu. "Lakini hakuwa peke yake. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Aliniangalia kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. "Mama? Mama yangu aliogopa?"

"Kidogo tu," nikasema.

Laiti ningelisema neno lenyewe. Laiti ningemwambia tu, "Alisema benoud." Yeye ni Mwafrikaans, angeniuliza alikuwa ameshika wapi, na yote yangejulikana pale pale. Lakini nilikuwa nimeshalitafsiri, na nikampa tafsiri yangu badala ya neno la mama yake.

Marietjie hakuacha kuja. Kila mwisho wa mwezi alileta beskuit, yale mabiskuti makavu ya kuchovya kwenye kahawa, kwa ajili ya wazee wote, na kikopo kimoja alinitengea mimi. Kila mara aliketi nami dakika chache akinitaka nisimulie tena. Nami nilisimulia: mkono, zaburi, wimbo. Siku moja aliniambia, huku akikung'uta makombo kwenye sketi, kwamba ameacha kuimba kwaya.

"Mama alitufundisha tangu utoto kwamba kufa ni kutoka chumba hiki kuingia kile," alisema. "Alizika mume na mtoto bila kutetereka. Kama yeye aliogopa pale mlangoni, Simi, basi alijua jambo ambalo hakutuambia."

Nilimwambia hofu ni ya mwili, roho haiogopi. Maneno ya kutulizia mtu. Nilikuwa nayo mengi.

Mwaka 2017 nilihamishiwa upande wa wanaume, na huko ndiko nilikompata mwalimu wangu wa pili. Alikuwa Mholanzi, Meneer Gerrit, yaani Bwana Gerrit, aliyekuja Afrika Kusini kijana akafundisha lugha katika shule za sekondari mpaka akazeeka. Alikuwa mrefu, mkali, na alikuwa na pumu. Kando ya kitanda alikuwa na kamusi ya asili ya maneno ya Kiholanzi, nene kama matofali mawili, na lenzi ya kusomea. Kila asubuhi nilimnyoa ndevu, na ujira wangu, alivyouita mwenyewe, ulikuwa neno moja.

Alipenda vivumishi kuliko maneno mengine. Nomino hukaa zilipo, alisema, lakini vivumishi vina miguu, vinahama. Aliniambia kwamba lekker, hilo neno la "tamu" linalosikika kila pembe ya mji huu hata kwa wasiojua Kiafrikaans, limetokana na kulamba. Slim, ambalo sasa ni mtu mwerevu, zamani lilikuwa kitu kilichopinda. Nilicheka nikamwambia kwetu pia werevu na kupinda havijaachana mbali. Alifurahi, akaniambia ningekuwa mwanafunzi mzuri. Mwalimu mstaafu akimsifu mwalimu aliyegeuka mhudumu, huku shavu moja lina povu. Hizo zilikuwa asubuhi zangu nzuri kabisa katika kazi ile.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshampaka povu aliposhika mikono ya kiti akaniambia kwa Kiholanzi chake, "Ik ben benauwd."

Nililitambua neno, ingawa kwake lilitoka kwa mkunjo tofauti kidogo. Nikaweka wembe chini, nikamshika mkono.

Aliuvuta mkono wake kwa hasira. "Siyo mkono!" alifoka kwa Kiingereza. "Dirisha! Pampu yangu!"

Nilifungua dirisha, nikampa pampu ya pumu, akavuta mara mbili. Baada ya dakika chache rangi ikamrudi. Povu lilikuwa limekauka mashavuni.

"Kwa nini ulinishika mkono kama mchungaji?" aliniuliza.

"Ulisema unaogopa, Meneer."

"Sikusema naogopa. Nilisema benauwd."

"Ndilo hilo hilo. Benoud. Kuogopa."

Alicheka mpaka nikahofia pumu itarudi. Kisha akaniagiza kamusi. Aliifungua juu ya magoti, akatembeza lenzi, akanieleza kama anayefundisha darasa zima. Nauw, alisema, ni wembamba, mahali finyu pasipopitika vizuri. Lina jamaa yake katika Kiingereza cha kale lililomaanisha mchoyo, mtu ambaye mkono wake ni mwembamba. Ukiweka be mbele na d nyuma, unapata kilichofanywa kuwa finyu, kilichobanwa. Unaweza kubanwa na adui, ukabanwa na chumba kisicho na hewa, ukabanwa kifua, ukabanwa moyo.

"Uholanzi mtu akisema hivi, kwanza tunafikiria pumzi," alisema. "Huku neno limehamia zaidi kwenye moyo, kwenye hofu. Lakini wazee wa huku bado wanalitumia kwa kifua. Unatazama mikono yao. Anayeogopa hukushika wewe. Aliyekosa pumzi hushika kiti."

Nilikuwa nimesimama nimeshika taulo.

"Na akivuta ukosi wa gauni?" niliuliza. "Na akionesha dirisha?"

"Basi huyo hana hewa, mtoto anajua hilo." Alitaka kufunga kitabu, kisha akaniangalia. Uso wake ulibadilika taratibu. Alikuwa akinywa kahawa na Tannie Bettie sebuleni kila alasiri kwa miaka mingi. "Kuna mtu humu ambaye binti yake husema alikufa akiogopa."

Nilianza kulikunja taulo.

"Simi. Ni Bettie?"

Niliketi juu ya kitanda chake, jambo lisiloruhusiwa, nikamweleza yote. Mablanketi, kifungo, dirisha, zaburi mara mbili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema jambo moja tu.

"Marietjie anaamini mama yake alikufa akiwa na hofu. Wewe sasa unajua si kweli. Lazima umwambie."

"Watanifukuza, Meneer. Karatasi zangu za ukimbizi ni za kuhuisha kila mara. Nikitoka hapa na jina la kumwacha mgonjwa afe, nani ataniajiri?"

"Sijasema ni rahisi."

"Utamwambia Sista?"

"Hapana," alisema. "Si neno langu. Ni lako."

Nataka muelewe mtego niliokuwemo, kwa sababu na ninyi mtauona kwa sura nyingine. Ukweli ule ule ambao ungemponya Marietjie ndio ambao ungenihukumu mimi. Singeweza kumpa nusu. Nikimwambia "mama yako hakuogopa," ataniuliza, "Basi alikuwa na nini, na wewe ulifanya nini?" Nilikuwa na njia mbili, na kila mwisho wa mwezi alipokuja na vikopo vyake nilichagua ile ile.

Meneer Gerrit alisubiri. Wiki za kwanza aliniuliza, "Umeshamwambia?" nami nasema, "Bado." Baadaye aliacha kuuliza, na alipoacha kuuliza akaacha pia kunipa neno la asubuhi. Nilimnyoa kimya. Hakuwa na ukali, alinishukuru kila mara, lakini kamusi ilikaa imefungwa.

Nilijaribu kumrudisha. Kulikuwa na fundi cherehani Mrundi pale Yeoville, Mwislamu aliyesoma Kiarabu utotoni, na siku moja nilipopeleka sketi alinieleza kwamba dhiki, neno letu hili tunalosemea shida zote, kwa Kiarabu asili yake ni ufinyu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kesho yake nikampelekea Meneer Gerrit.

"Meneer, na sisi tunalo! Dhiki. Asili yake ni wembamba, kama lenu. Mtu mwenye dhiki ni mtu aliyebanwa."

Alinitazama kwenye kioo, mimi nyuma yake na wembe mkononi.

"Kumbe unalielewa vizuri kabisa," alisema. "Na bado hujamwambia."

Mwaka 2018 homa ya mapafu ilimpeleka hospitali na hakurudi. Mpwa wake alikuja kutoka Uholanzi akafunga vitabu kwenye masanduku. Nilimsaidia kubeba. Nilitaka kumwambia kwamba mjomba wake alikuwa mwalimu wangu, nikaona sistahili kulisema, nikamwonesha tu choo kilipo.

Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi, na kama mnataka kujua, katika mwaka huo nilikuwa mhudumu bora kuliko nilivyowahi kuwa. Nilimuuliza kila mzee "wapi?" mpaka wakachoka nami. Katika ripoti niliandika neno la mgonjwa kama alivyolitamka, kwa lugha yake, ndipo nikaweka maana niliyodhani, na alama ya kuuliza. Fanyeni hivyo. Mwenzenu wa zamu inayofuata huenda analijua neno hilo kuliko ninyi. Lakini wema wa baadaye haurudi nyuma kufungua kifungo cha mtu.

Mgongo uliponishinda, 2019, nikaandika barua ya kuacha kazi. Wiki ya mwisho, karatasi zote zikiwa zimeshasainiwa, nilimwendea Sista Thandeka ofisini nikamweleza. Angalieni vizuri wakati niliouchagua: nilisubiri mpaka pasiwe na mtu wa kunifukuza. Msije mkauita ujasiri.

Sista alichezea pini ya saa yake.

"Eish, Mama," alisema hatimaye. "Nilikuambia siku ya kwanza. Uliza wapi."

"Uliniambia."

"Na mimi nikaandika 'hofu' kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa nimeona zile kucha. Sikukuuliza alitumia neno gani. Nilikuwa na haraka." Alifungua droo, akanipa karatasi yenye anwani ya Marietjie. "Nenda kabla hujaanza kutafuta sababu. Ripoti nitaiandika upya mimi, kwa jina langu na lako."

Nilikwenda Edenvale Jumamosi asubuhi. Marietjie alinikaribisha jikoni akifikiri nimekuja kuaga. Aliweka birika motoni na kunisogezea kiti. Nilimwambia asihangaike na chai mpaka nimalize, maana nilijua nikishika kikombe nitazungumza habari za mgongo wangu.

"Siku ile ulipouliza mama yako alisema nini, nilikujibu kwa Kiingereza," nilianza. "Nilisema aliogopa. Hilo lilikuwa neno langu. Yeye alisema, 'Ek is benoud.'"

Marietjie alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Benoud," alirudia. Kisha, polepole, akaweka mkono kifuani pake. "Hapa?"

"Hapo. Mimi sikujua. Nilijua maana moja tu."

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa ameketi, ameshika godoro. Mimi ndiye niliyemlaza. Alivuta ukosi, nikamfunga kifungo. Alionesha dirisha, nikalifunga."

"Muda gani, Simi?"

"Zaburi mara mbili na wimbo mmoja, kabla sijabonyeza kengele. Nilimwambia Sista ni sasa hivi. Nilidanganya."

"Na ulijua lini? Maana ya neno?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. "Miaka miwili iliyopita."

Birika lilianza kupiga mluzi. Alilizima. Alitoka akaenda chumba kingine, nami nilimsikia akilia, kisha nikasikia sauti nyingine ambayo sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Nilikaa pale nikiangalia mikono yangu. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa na mwekundu, na hakuketi.

"Kwa hiyo hakuogopa," alisema.

"Hapana. Hakuogopa. Alikosa hewa tu."

"Miaka mitatu nimeketi kanisani bila kufungua mdomo." Alijifuta macho kwa kile kitambaa. "Ulikuwa unakula beskuit zangu na unaniangalia."

"Ndiyo."

"Kwa kuniambia kwamba hakuogopa, asante. Asante sana, unasikia? Lile dirisha, sijui. Sijui nitalifanya nini. Usiniombe msamaha leo."

"Siombi."

"Namba yako ni ile ile?"

"Ni ile ile."

Alinisindikiza mpaka getini kwa adabu zile zile za mama yake, akanionesha upande ambao teksi za mjini hupita, akafunga. Nilisimama barabarani karibu na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nikisubiri, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo sikuwa na maneno yoyote ya kujituliza nayo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, wadogo zangu. Nimeishi na simu karibu tangu siku ile. Mpaka ninapoandika haya, Marietjie hajapiga.